Hewa Aliyonyimwa Gathii

Simu ya Rosaline ilitikisika mezani katikati ya somo, na alipoona jina la mama mkwe wake akajua kuna jambo. Rahab hakuwa mtu wa kumpigia mtu simu wakati wa kazi. Alikuwa mkulima wa Kibomet, kando ya mji wa Kitale, na kwake simu ilikuwa ya salamu za jioni na habari za misiba.

Rosaline alifundisha baiolojia katika shule moja ya wasichana huko Bungoma. Siku za wiki alilala kwenye nyumba za walimu, na kila Ijumaa alirudi Kibomet kwa mumewe Gathii na binti yao mdogo, Wamboi. Alasiri hiyo wanafunzi wake walikuwa wamekata vipande vya bitiruti na kuvitia kwenye mirija miwili ya kioo, mmoja una maji baridi na mwingine maji ya moto. Katika maji baridi rangi ilibaki ndani ya vipande. Katika maji ya moto ilikuwa imevuja yote, na maji yakawa mekundu pyu. Alikuwa akiwaeleza kwamba kila seli ya kiumbe hai imezungukwa na utando wa mafuta, mwembamba kuliko kitu chochote walichowahi kukiona kwa macho, na kwamba utando huo ndio unaoamua kipi kiingie na kipi kitoke.

"Ukiharibika huo utando, hakuna seli tena," aliwaambia. "Kuna supu tu."

Wasichana walikuwa bado wanacheka alipotoka nje kupokea simu.

"Mama Wamboi," Rahab alisema. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Gathii amekunywa dawa."

"Dawa gani, Mama?"

"Ile ya kuchoma majani kwa shamba. Ilikuwa kwa chupa ya soda."

Rosaline aliegemea ukuta. "Amekunywa kiasi gani?"

"Alitema. Anasema alitema karibu yote. Yuko hapa, anaongea tu vizuri. Nimempatia maziwa."

"Mpeleke hospitali saa hii, Mama. Hata kama anakataa. Nani alimpa hiyo chupa?"

Rosaline alisikia kuku wakilia nyuma ya Rahab, kisha simu ikakatika.

Festus, mwalimu wa fizikia, alimkuta akikimbia kuelekea lango. Alikuwa mzaliwa wa hapo Bungoma, na kama wengi wa kwao, r na l zilibadilishana nafasi mdomoni mwake. "Mwarimu, gari yangu iko hapo nje," alisema. "Twende." Hakuuliza wanaenda wapi mpaka walipokuwa barabarani.

Walipokaribia Kimilili, Rosaline alimpata kwa simu Mbugua, jirani yao wa Kibomet. Dawa ilikuwa ya Mbugua. Gathii alikuwa ameomba kidogo ili achome magugu ya njia ya kuingia nyumbani, na kwa kukosa chombo akatiliwa kwenye chupa ya soda, akaiacha kwenye kibaraza cha jikoni. Mchana mama yake alipompelekea chakula shambani, aliiona ile chupa akadhani ni soda iliyobaki Jumapili, akaibeba pamoja na githeri yake ya mahindi na maharagwe.

"Kwa hivyo ni yeye alimpa," Rosaline alisema.

"Ni yeye. Lakini tafadhali usimuulize sasa. Amekaa chini pale kwa mlango, hata haongei. Gathii tumempandisha boda, anaenda hospitali na kijana wangu."

"Soma jina kwenye mtungi wako."

Mbugua alisoma pole pole, akirudia silabi. Parakwati.

Rosaline alilijua hilo neno. Chuoni, mhadhiri wao alilitaja mara moja tu walipokuwa wakisoma jinsi utando wa seli unavyoweza kuharibiwa. Alisema ni sumu isiyo na kiuasumu, na kwamba ubaya wake mkubwa ni kuwa mtu hafi haraka. Rosaline alikuwa ameyaandika hayo ili afaulu mtihani.

"Mbugua, chukua huo mtungi uupeleke hospitali. Daktari auone."

Kisha akampigia mumewe. Gathii alipokea kwa sauti ya upepo, akiwa juu ya pikipiki.

"Rosa, mbona unahema hivyo? Mimi niko sawa, bana. Mdomo tu ndio unaniwasha. Mama ndiye ameshtuka sana, mwambie atulie."

"Umetapika?"

"Kidogo. Nikitoka hapo hospitali nitapitia mjini ninunue mbolea."

Rosaline alisema sawa. Alipokata simu alifunika uso kwa mikono yote miwili, na Festus akaongeza mwendo.

*

Daktari aliitwa Naim. Alikuwa kijana aliyezaliwa papo hapo Kitale, kwenye nyumba zilizo karibu na msikiti, mwenye sauti ya taratibu ambayo Rosaline aliipenda mara moja na baadaye akaiogopa. Alikuwa ameshamnywesha Gathii mkaa wa dawa uliosagwa, vikombe kwa vikombe. Gathii alikaa kitandani akiwa na midomo myeusi kama mtoto aliyekula makaa, na alipomwona mkewe akacheka kwa meno meusi.

"Umekuja mbio hivi, na shule umemwachia nani?"

Rosaline alimshika mkono. Ulikuwa na joto la kawaida. Kila kitu chake kilikuwa cha kawaida, na hilo ndilo lililomtisha.

Daktari Naim alimwita kwenye chumba kidogo cha maabara. Kulikuwa na mkojo wa Gathii kwenye mrija wa kioo. Fundi wa maabara alitia unga mweupe, kisha unga wa pili, akatikisa, wakasimama wote watatu wakitazama. Rosaline alikuwa amewaonyesha wanafunzi mamia ya mirija kama ule. Hakuwahi kuombea mrija wowote ubaki vile ulivyo.

Mkojo uligeuka samawati.

"Ukigeuka kama wino, huwa sina mengi ya kuwaambia watu," daktari alisema. "Huu ni mwepesi, kama rangi ya shati la shule. Sumu imeingia mwilini, lakini si nyingi. Wewe ni mwalimu wa baiolojia, nimeambiwa. Nikueleze yote ama nusu?"

"Yote."

Walisimama koridoni. Daktari alizungumza akitazama sakafu. "Seli za mapafu zina milango kwenye utando wake. Unajua. Ya kupokea vitu fulani ambavyo mwili unavihitaji. Sasa hii sumu imefanana na hivyo vitu. Haivunji mlango, inafunguliwa. Mapafu yanaivuta kutoka kwa damu, yanaijaza ndani, hata kama kwingine imeshapungua."

"Na ikishaingia?"

"Inashika oksijeni, inaigeuza kuwa kitu kikali. Hicho kitu kinakula mafuta ya utando. Kisha sumu inarudi vile ilivyokuwa na kuanza upya. Yenyewe haipungui. Ile inayotumika ni oksijeni."

Rosaline alielewa kabla hajamaliza. "Kwa hivyo akianza kushindwa kupumua."

"Kila mtu atakwambia apewe oksijeni. Hata wewe moyo wako utakwambia hivyo. Na kumpa ni kama kumwagia moto mafuta ya taa." Akainua macho. "Tutampa dawa za kutuliza mapafu, tutaangalia figo. Kile kifaa cha kidoleni kitatuonyesha kiwango cha oksijeni kwa damu. Mtu mzima kama yeye ni tisini na tano kwenda juu. Tukishuka chini ya themanini na tano nitampa kidogo, kwa sababu hapo hatakuwa na njia nyingine. Juu ya hapo, avumilie. Nataka ulijue hili leo ukiwa na akili yako. Siku yenyewe hutakuwa nayo."

"Atapona?"

"Sijui," daktari alisema.

*

Siku za kwanza zilikuwa mbaya kwa sababu Gathii hakuonekana mgonjwa. Ulimi ulimchubuka, koo likawa donda moja, akawa anakunywa uji kwa mrija na kulalamika kwamba mahindi yake yanaingiliwa na viwavi huku yeye amelala bure. Wagonjwa wenzake walimwita msimamizi wa wodi kwa jinsi alivyojua habari za kila mtu. Rosaline alicheka pamoja nao. Lakini kila alipogeuka, alikuwa akikitazama kifua cha mumewe kikipanda na kushuka, na kujiuliza kama kimepanda haraka kuliko jana.

Jioni alirudi Kibomet kumwona mtoto. Chupa zote zilizokuwa ndani ya nyumba alikuwa amezitoa, hata ya mafuta ya taa, hata ya maziwa ya Wamboi, akazitupa shimoni. Akili yake haikutulia. Alimkumbatia mtoto na kuwaza zile seli zote ndogo, mamilioni kwa mamilioni, kila moja na kijitando chake, na jinsi mtu anavyotembea, anacheka, anapanda mahindi, akiwa amekingwa na kitu chembamba hivyo. Miaka mingi alikuwa ameuchora utando ule ubaoni, safu mbili za vichwa vya duara vyenye mikia, na milango ya protini katikati, na kuwaambia wasichana wapake rangi. Sasa hakuweza hata kuufikiria mchoro ule bila kuona mikia ikioza.

Rahab hakuzungumza naye. Alipika, akamwogesha mjukuu wake, akaenda kanisani siku isiyo ya ibada na kurudi na macho mekundu. Mara moja tu Rosaline alimkuta amesimama kwenye kibaraza cha jikoni akitazama mahali ilipokuwa ile chupa. Alitaka kumwambia kitu. Rahab akampita kabla hajaanza.

Kisha figo zikasimama. Siku nzima Gathii hakukojoa, uso ukamvimba, na hakuuliza tena habari za mahindi. Kesho yake mkojo ulirudi, kidogo, halafu mwingi, na muuguzi aliyeitwa Edah akamshika Rosaline bega na kumwambia hiyo ni dalili njema. Rosaline alitoka nje, akakaa kwenye nyasi, akampigia simu kila mtu aliyemfahamu. Kwa siku moja na nusu aliamini kwamba yameisha.

Rosaline alikuwa akimpa uji Gathii alipolisukuma bakuli.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza nipumue."

Rosaline aliweka bakuli chini. Aliketi akimtazama akivuta hewa kama mtu aliyetoka kupanda kilima, naye hakuwa ameinuka kitandani tangu asubuhi.

*

Mbogo alikuja saa ya kuona wagonjwa, pamoja na mama yake. Alikuwa kaka mkubwa wa Gathii, mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Matisi, mtu mpana mwenye sauti ya kuzoea kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Rosaline alimwita Baba Nyaruai, kwa jina la kifungua mimba wake. Hawakuwahi kukosana. Wakati wa harusi yao ni yeye aliyetoa gari.

Gathii alikuwa ameketi ameegemea mito mitatu. Midomo ilikuwa imepata rangi ya majivu. Alipumua kwa mdomo wazi, haraka haraka, na mashimo ya shingo yakaingia ndani kila alipovuta. Kifaa cha kidoleni kilionyesha themanini na nane.

"Mbona hana oksijeni?" Mbogo aliuliza.

"Daktari amesema asipewe," Rosaline alijibu. "Bado."

"Bado nini? Si unaona vile anapumua?"

"Naona, Baba Nyaruai. Lakini hii sumu, oksijeni ndiyo inaiongezea nguvu. Tukimpa sasa mapafu yataungua zaidi."

Mbogo alimtazama kama mtu aliyeambiwa maji yanaunguza. "Nani amekwambia hiyo maneno? Ati hewa inaunguza? Mimi nilimuuguza baba yetu. Unajua alikufa aje? Mtungi uliisha. Nilikuwa nimemshika hivi, na mtungi ukaisha, na nilikuwa nimetuma mtu mwingine uletwe, na hakufika. Usiniambie mimi habari ya oksijeni."

"Ugonjwa wa baba ulikuwa mwingine."

"Kupumua ni kupumua."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani asubuhi, na mtungi wake ulikuwa bado umesimama pale, na maski ikining'inia. Edah alikuwa mwisho wa wodi, akimfunga mzee mmoja bandeji, mgongo ukiwa kwao. Mbogo aliuvuta mtungi. Alijua kuufungua. Alizungusha koki yake mara moja, hewa ikapiga mluzi mdogo, na kabla Rosaline hajazunguka kitanda alikuwa amemvisha ndugu yake maski usoni.

Gathii alifumba macho. Alivuta, akavuta tena, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyepewa maji baada ya kiu ya siku nyingi. Kifaa kilipanda, tisini, tisini na mbili.

"Unaona?" Mbogo alisema. "Unaona sasa?"

Rosaline aliona. Kwa kitambo kidogo hakuweza kusogea. Kila kitu alichokiona kilimwambia kwamba shemeji yake yuko sahihi, na kwamba mambo yote ya daktari yalikuwa maneno tu. Mumewe alikuwa akipumua. Kisha akafikiri juu ya kile kilichokuwa ndani ya mapafu yale, kikisubiri, kikipokea kila pumzi.

Alinyoosha mkono na kuivuta maski.

Gathii alifumbua macho. Alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo hakujua bado anayo. "Rosa," alisema. "Iache."

"Siwezi, mpenzi."

"Tafadhali. Iache."

Aliving'oa vidole vyake kimoja kimoja. Aliitoa maski usoni mwa mumewe, akafunga mtungi, na kusimama kati ya mtungi na kitanda. Nyuma yake alisikia pumzi za Gathii zikirudi kuwa fupi, fupi kuliko mwanzo, na mlio mdogo ndani yake kama wa mtu anayejaribu kutolia.

Mbogo aliinua mkono. Hakumpiga. Mkono ulibaki hewani, na ni Rahab aliyesema.

"Huyu mwanamke anataka kuniulia mtoto."

Hakulisema kwa kelele, lakini lilisikika wodi nzima.

Rosaline alimgeukia. Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wake, maneno machache tu. Mbogo hakujua nani aliyempa Gathii ile chupa. Hakuna aliyemwambia. Rosaline aliona Rahab akilijua hilo jibu, akilisubiri, kidevu kikiwa juu na mikono imeikamata kanga kifuani, na akaona kwamba mama huyu alikuwa akisubiri kuambiwa hivyo tangu siku ile ya kwanza, na kila siku isiyosemwa ilikuwa imezidi kumvunja.

Alilimeza.

"Mama," alisema, "kaa hapa. Nikueleze kama ninavyoelewa. Ukimaliza kunisikia, ukitaka mimi nitoke, nitatoka."

Rahab hakukaa, lakini hakuondoka.

"Mafuta ya kupikia, ukiyaacha bila kifuniko siku nyingi, yanakuwaje?"

"Yanachacha," Rahab alisema.

"Nini inayachachua?"

"Hewa."

"Mwili wa Gathii, na wako, na wangu, kila kipande kidogo kimefunikwa na mafuta. Ndiyo yanashika vya ndani visimwagike. Tumeumbwa na kitu cha kuyalinda yasichache. Hiyo dawa imeua huo ulinzi. Sasa hivi mafuta ya mapafu yake yako wazi, na kila hewa nzuri tunayompa inayachachua haraka. Hiyo ya mtungi ni kali kuliko hii tunayovuta sisi. Anaona inamsaidia, na ni kweli, dakika hii inamsaidia. Lakini kesho hatakuwa na mapafu ya kuivutia." Alikionyesha kifaa cha kidoleni. Akaendelea. "Daktari ameniambia ikishuka chini ya themanini na tano, atampa. Mimi naomba usiku na mchana isishuke. Sina kingine, Mama. Kama nimekosea, ni mimi nitakuwa nimemuua, na nitalala nalo mimi."

Kifaa kilionyesha themanini na saba.

Rahab alitembea mpaka kwenye kitanda. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, jasho lake, mdomo wake uliojaa vidonda, macho yake yaliyomtazama mama bila kuelewa kwa nini hasaidiwi.

"Ni mimi nilimpa," alisema.

"Ulimpa nini, Mama?" Mbogo aliuliza.

"Chupa. Nilimpelekea shambani na chakula. Nikamfungulia kifuniko na mkono wangu, kwa sababu mikono yake ilikuwa na udongo." Alimgeukia mkwe wake. "Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Haikuwa na faida kusema."

Mbogo alikaa kwenye kitanda kitupu. Mwili wake mpana ulionekana umepungua. Edah alikuwa ameshafika, na daktari Naim nyuma yake akiingia kwa hatua ndefu, na kwa muda wote walizungumza kwa pamoja. Mtungi uliondolewa. Daktari alisikiliza kifua cha Gathii, mbele na nyuma, na uso wake haukuonyesha chochote.

Rahab ndiye aliyemtoa Mbogo nje. "Nenda nyumbani," alimwambia. "Nenda uombe. Hapa nitakaa mimi." Kisha akaketi upande wa pili wa kitanda, mkabala na Rosaline, akaushika mguu wa mwanawe juu ya blanketi.

*

Themanini na sita. Themanini na saba. Themanini na sita.

Gathii aliacha kuomba maski. Hilo lilikuwa gumu kuliko kumsikia akiomba. Nguvu zake zote zilikwenda kwenye pumzi inayofuata, na alipomtazama mkewe ilikuwa kama anamtazama mtu wa mbali. Alfajiri ilipoingia kupitia madirisha ya wodi, kifaa kilisoma themanini na tano kamili, na daktari Naim akaja akasimama miguuni pa kitanda na mikono mifukoni. Mtungi mwingine ulikuwa umeletwa, na maski yake tayari.

"Tungoje," alisema. Rosaline aliona kwamba naye anaogopa.

Walingoja. Mtu mmoja alikuwa akifagia koridoni. Rahab alisali kwa Kikuyu, maneno yale yale, bila kutua. Rosaline alitamani namba ishuke ili waruhusiwe kumpa, amwone tena akilegea vile usoni, hata kama ni kwa siku moja. Alijichukia kwa tamaa hiyo na hakuweza kuiacha.

Namba haikushuka. Ilicheza, ikaenda themanini na sita, ikarudi, ikaenda tena. Mchana ilikuwa pale pale. Jioni ilikuwa themanini na saba na Gathii alilala, usingizi halisi, mdomo wazi, na Rosaline aliweka kiganja karibu na pua yake kila baada ya dakika chache ili ahakikishe. Kesho yake ilikuwa themanini na nane. Ilipofika tisini, siku nyingi baadaye, daktari Naim hakusema kwamba amepona. Alisema, "Nadhani imeacha kuendelea." Akatoka haraka, na Edah akamwambia Rosaline kwamba wagonjwa wawili wa sumu hiyo mwaka uliopita hawakufika hapo.

*

Gathii alirudi Kibomet akiwa mwembamba, na picha za kifua chake zilionyesha makovu sehemu ya chini ya mapafu yote mawili. Makovu hayo hayataondoka. Anaweza kutembea mpaka kwenye zizi na kurudi, lakini akipandisha kwenda barabarani husimama mara mbili njiani akijifanya anakagua ua. Shamba limelimwa na Mbogo msimu huu. Mbogo huja Jumamosi na trekta, na yeye na Rosaline husalimiana vizuri, kwa adabu zaidi ya zamani, kama watu waliowahi kuonana uchi.

Rahab hampi mtu kinywaji bila kukinusa kwanza. Hata maji ya bomba. Hata chai aliyoipika mwenyewe, anaisogeza puani, anangoja, ndipo anapoitoa. Wamboi amezoea na anadhani ndivyo nyanya wote wanavyofanya.

Rosaline ameomba uhamisho kutoka Bungoma, bado haujatoka. Ijumaa moja alifika nyumbani jua likiwa bado juu na kumkuta mumewe kibarazani akichambua maharagwe kwenye ungo. Alikaa karibu naye, akaanza kuchambua upande wake.

"Kuna kitu nataka kukuuliza," Gathii alisema. Sauti yake imebaki na mkwaruzo. "Siku ile ulinitoa maski."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua nitapona?"

Angeweza kusema ndiyo. Alikuwa amefikiria jibu hilo mara nyingi, akijua swali litakuja.

"Hapana," alisema. "Sikujua."

Gathii alitupa jiwe dogo alilolipata kati ya maharagwe. Vidole vyake viliendelea na kazi, lakini hakumtazama.

"Nilikuchukia," alisema. "Nilitaka ulijue hilo. Nilikuwa nafikiria, huyu niliyemwoa ni nani."

"Niliona."

"Bado nikilala inanirudia. Naona mkono wako unakuja." Alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. "Sijui nitaacha lini kuiona."

Rosaline hakuomba msamaha, na Gathii hakuutaka. Waliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, kisha Gathii akajaribu kuinuka nao. Alifika nusu, pumzi zikamwishia, akasimama ameinama, mkono mmoja ukutani. Rosaline aliuchukua ungo kutoka mikononi mwake. Akasimama hapo kando yake akimsikiliza, mpaka pumzi zake zikawa ndefu tena.